Kumbe Miti Nayo Ina Sensa! Siku Tano Busunzu, Kibondo

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unasafiri kwenda Kibondo, swali la kwanza ni moja tu: "Unakwenda kambini?" Hakuulizi habari ya asali. Hakuulizi habari ya baridi ya alfajiri inayomfanya mtu mzima akumbatie kikombe cha chai kama mtoto. Kwa wengi wetu jina la Kibondo lilitufikia kwa redio, limebebana na habari za wakimbizi, na elimu yetu ikaishia hapo hapo.

Basi wiki hii nakupeleka sehemu nyingine ya wilaya hiyo hiyo. Inaitwa Busunzu, kata iliyo njiani ukitoka Kibondo mjini kuelekea Kasulu. Kilichonipeleka si kambi wala arusi. Nilikwenda kuhesabu miti.

Cheka tu, nimeshazoea. Dada mmoja niliyekaa naye kwenye basi alicheka mpaka mtoto wake akaamka. "Miti unaihesabu ili iweje? Inapiga kura?" Swali zuri sana hilo, na jibu lake ndilo makala yenyewe.

NJIANI, FUNGUA DIRISHA

Safari ya Dar mpaka Kibondo ni ya kupima mgongo. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kakonko, ndipo unafika. Beba kanga ya kujifunika na uvumilivu wa kutosha.

Lakini ukishavuka Nzega na kuingia Mkoa wa Shinyanga, usilale. Tazama nje. Sehemu kubwa ya nchi ile zamani ilikuwa na miti. Wakati wa ukoloni ikafyekwa ili kumfukuza mbung'o, baadaye yakaja mashamba ya pamba, mifugo mingi na kuni za kila siku, mpaka ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipopita huko aliiita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, na wananchi wakarudia desturi yao ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho na vichaka ili lipumue. Hadi mradi unafika mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uhai.

Naitaja Shinyanga kwa makusudi. Mtu akiwa Busunzu, mbele ya pori ambalo macho hayaoni mwisho wake, hawezi kuamini kwamba pori linaweza kwisha. Watu wa Shinyanga nao hawakuamini.

BUSUNZU YENYEWE

Nilifika mwezi wa Septemba, jua kali mchana, baridi usiku. Udongo mwekundu, nyumba zimezungukwa na migomba, mashamba yamekwisha kuvunwa mahindi na maharage, mihogo imeanikwa juu ya mawe. Nyuma ya mashamba ndiyo linaanza pori la miombo, linapanda kilima, linashuka bonde, linapanda tena. Vijito vyake vinateremka taratibu kuelekea mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, ile ardhioevu ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Septemba ndiyo mwezi wa maajabu. Mvua bado, ardhi imekauka kama kigae, lakini miti imeshaanza kutoa majani mapya, na majani hayo hayaanzi na kijani. Yanaanza mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai. Mgeni anadhani pori limeungua. Kumbe linachipua!

Mwenyeji wangu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mzee wa miaka sitini na kitu, mfuga nyuki tangu ujana. "Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha asubuhi ya kwanza, kunipima. Nikaitika, halafu nikampigia shikamoo juu yake, akacheka. "Marahaba mwanangu. Kiha unacho kidogo. Sasa tuone kama na miguu unayo."

Binamu yangu, mtoto wake wa tatu, alikuwa pembeni anakagua bodaboda yake. Tumelingana umri, na yeye kamaliza kidato cha nne kama mimi. Alivyosikia nimekuja kuhesabu miti akatikisa kichwa. "Dada Mjini, sisi huku tunahesabu madeni."

SENSA YA MITI

Sasa nikuambie kwa nini nilitoka Dar na hesabu kichwani.

Serikali yetu iliwahi kufanya sensa ya miti ya Tanzania Bara nzima. Iliitwa NAFORMA. Ilianza mwaka 2009 chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ikaendelea na Wakala wa Huduma za Misitu, fedha zikitoka Finland na utaalamu ukisaidiwa na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Ripoti ikatoka mwaka 2015.

Walifanyaje? Huwezi kuhesabu kila mti, utazeeka. Walichofanya ni kupanga vituo vidogo nchi nzima, zaidi ya 30,000, kwenye misitu, mashamba, mbuga, hata sehemu zisizo na mti. Kwenye kila kituo wanachora duara la nusu kipenyo mita 15. Ndani yake wanapima kila mti mnene wa kipenyo cha sentimita 20 na kuendelea. Miti myembamba wanaipima kwenye maduara madogo ya ndani. Kipimo kinachukuliwa usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Wanaandika jina la mti, unene na afya yake, wanaangalia visiki na dalili za moto. Tena walikwenda mpaka majumbani kuuliza watu wanatumia nini kutoka msituni.

Na matokeo? Kabla ya hapo, Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ilikuwa inataja hekta milioni 33.5 za misitu. Sensa ikakuta hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya Tanzania Bara! Usiruke kwa furaha. Msitu haukuongezeka, ni hesabu ya zamani ndiyo ilikuwa haifiki kila mahali. Na katika kila hekta kumi, zaidi ya tisa ni mapori ya miti iliyoachana kama haya ya Busunzu, miombo ikiwa ndiyo sehemu kubwa. Misitu minene ya milimani tunayoiona kwenye kalenda ni kidogo sana.

Halafu kuna habari ya kukosesha usingizi. Ripoti ilisema tunapoteza hekta 372,816 kwa mwaka, yaani zaidi ya hekta 1,000 kila siku inayopita. Hesabu nyingine ya serikali iliyofuata, ya miaka ya 2002 mpaka 2013, ikapandisha hadi hekta 469,420 kwa mwaka.

Kama hekta zinakuchanganya, chukua hesabu ya mshahara. Sensa ilikadiria kwamba nchi ingeweza kuvuna mita za ujazo milioni 42.8 za miti kwa mwaka bila kuumiza msitu. Matumizi yetu yakawa milioni 62.3. Yaani ni sawa na mtu anayepokea 42,800 na kutumia 62,300, kila mwezi anachomoa 19,500 kwenye akiba aliyoachiwa na babu. Mtu huyo hata akivaa suti, wewe na mimi tunajua anakoelekea.

KAMBA NA FUTI YA FUNDI CHEREHANI

Asubuhi ya pili tukaingia porini watatu, mjomba mbele na panga, mimi katikati, binamu nyuma. Vifaa vyetu: kamba ya manila tuliyoipima mita 15, futi kamba niliyoazima kwa fundi cherehani pale senta, chaki na daftari. Kama unataka kujaribu kwenu, hakuna uchawi. Unafunga kamba kwenye kijiti cha katikati, unazunguka, kila mti ulio ndani unauzungushia futi usawa wa kifua. Ukipata sentimita 63 ya mzunguko, ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo cha 20. Huo umefuzu.

Duara la kwanza tulilichora mbali, mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Tulipata miti mikubwa tisa na visiki viwili vya zamani. Duara la pili tukalichora karibu na mashamba. Miti mikubwa miwili, visiki kumi na moja. Binamu ndiye alikuwa anaandika. Alipomaliza la pili akakaa kimya, akarudi kuhesabu visiki upya, akapata kumi na moja vile vile.

Siwezi kukuambia kwamba maduara mawili ni utafiti. Utafiti unataka maduara mengi na watu waliosomea. Lakini lilinionesha jambo ambalo ripoti haiwezi kukuonesha, jinsi mjomba anavyoijua miti. Hapimi, anasalimiana nayo. Mtundu huu, maua yake nyuki wanayapenda. Huu gome lake linatoa kamba. Mkusu, matunda yake watoto wanayagombania mvua zikianza. Mbura ule, usiukate hata ukiwa na njaa, unakulisha. Huu mizizi yake dawa ya tumbo. Na ule pale mninga, akaukwangua kidogo kwa ncha ya panga, ukatoa utomvu mwekundu kama damu.

Katika duara la kwanza mjomba alitaja kila mti kwa jina la Kiha na kazi yake. Binamu, mzaliwa wa pale pale, alijua nusu. Mimi na Baiolojia yangu ya kidato cha nne nilijua miwili. Ukitazama ngazi hiyo, babu mpaka mjukuu, unaona wazi kwamba miti haipungui porini tu. Inapungua na vichwani.

Nikamuuliza mjomba habari za uyoga, maana mama husimulia uyoga wa kwao mpaka mate yanadondoka. Akasema uyoga mzuri hauoti shambani, unaota chini ya miombo, ukikata miti na wenyewe unahama. Wazee wanasema hivyo, na sayansi nayo inasema hivyo hivyo: uyoga mwingi unaoliwa wa kwenye miombo unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama mtundu. Mti unaupa uyoga chakula, uyoga unausaidia mti kunyonya maji na rutuba. Ni ndoa. Ukimuua mmoja, mwenzake naye hana maisha.

MTI HAULI, NA MIMI NATAKA KUOA

Jioni, tukiota moto, binamu akatoa la moyoni. Nakuletea maneno yake kama alivyosema, maana wengi tunaoandika habari za misitu tunajifanya hatuyasikii.

"Dada, wewe utarudi Dar. Mimi niko hapa. Shamba la baba tuko watano wa kugawana. Mahari imepangwa. Bodaboda ninalipa kila wiki. Sasa huyu mzee ananiambia mti, mti. Mti hauli, na mimi nataka kuoa!"

Tukabaki tunautazama moto. Yupo mfanyabiashara alikuwa amepita wiki ile, mtu wa kutoka mbali, anatafuta mninga. Alimwahidi binamu shilingi elfu thelathini kwa kila mti atakaomwonesha na kumsaidia kuangusha. Binamu alikuwa anajua mininga sita. Laki moja na themanini hizo, kwa kazi ya usiku mmoja. Kwa kijana wa kijijini hiyo ni ngawira ya kumfanya mtu asisikie neno la mzee.

Sikumhubiria. Nilimwomba futi kamba na daftari. Asubuhi tukaenda kwenye mninga mmoja kati ya sita. Mzunguko sentimita 157, yaani kipenyo 50. Shina limenyooka kama mita sita kabla ya matawi. Tukapiga hesabu chini, kwa kijiti: kwa vile shina linapungua juu, tukaweka mita moja ya ujazo. Hata theluthi mbili zikipotea kwa maranda, magome na msumeno mbaya, zinabaki mbao kama kumi na saba za futi 12, inchi 8 kwa 1. Wewe uliyeko mjini, ingia duka la mbao uulize mbao moja ya mninga ya saizi hiyo ni shilingi ngapi, halafu zidisha kwa kumi na saba. Ndipo uniambie elfu thelathini ni bei au ni matusi.

Binamu alizidisha mwenyewe. Akaifuta ile hesabu kwa kiatu, akaiandika tena. "Yaani mimi nabeba kosa, yeye anabeba mti," akasema.

Na kosa lipo kweli. Mninga kuukata na kuusafirisha bila kibali ni kuvunja sheria ya misitu. Mwaka 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokutana Panama, jamii za mninga za Afrika ziliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa. Dunia imeshajua thamani yake. Anayeambiwa mwisho ni yule anayelala karibu nayo.

Na mti huo hauoti kama mpapai. Mninga wa unene ule umeishi umri wa mzee mzima. Ukiuangusha leo kwa ajili ya mahari, mtoto wa ndoa hiyo atazeeka kabla hajapata mwingine.

KARATASI IKO KWA NANI?

Hapa ndipo nilipopata fundisho ambalo sikulitegemea. Nilimwambia mjomba kwa furaha kwamba kijiji kingehesabu msitu wote. Akatulia, akachokonoa moto.

"Mwanangu, huku watu wakija kupima, wazee wanaogopa."

Akanieleza. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za Kibondo na kuwaweka kwenye makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Babu yake alihamishwa hivyo, akaacha kaburi la mama yake porini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka kama tisa, anakumbuka mama yake akifunga kuku kwa kamba. Miaka ya karibuni wakapita watu na mashine ya satelaiti, wakaandika, wakaondoka, kijiji hakikuona karatasi. "Kila waliokuja kuandika, sisi ndio tuliohama au miti ndiyo iliyohama. Kwa hiyo wakiuliza, tunasema hatujui."

Unaona kizungumkuti hicho? Ofisini watu wanasema wananchi hawatoi ushirikiano. Kijijini watu wanasema tukitoa ushirikiano tunahamishwa. Na wote wana sababu.

Tuongeze na hili la wakimbizi, maana haliwezi kurukwa. Tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, mpaka vita vya Kongo vya 1996, na tena mwaka 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya, wilaya hizi mbili za Kibondo na Kasulu zimepokea watu kwa malaki. Watu wanapika, na kupika ni kuni. Msitu umelipa sehemu kubwa ya gharama ya ukarimu wetu, na sijui kama kuna mtu alimwandikia risiti. Mama wa kambini aliyeokota kuni simlaumu, angefanya nini? Lakini deni halifutiki kwa kutolihesabu.

Sasa tutoke Kibondo kidogo, twende upande wa pili wa nchi, Kilwa, Mkoa wa Lindi. Huko vipo vijiji, kama Kikole na Kisangi, ambavyo vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Wanakijiji wenyewe, kwa msaada wa wataalamu, waliingia msituni na kamba zao, wakahesabu mpingo na miti mingine, wakajua kiasi gani kivunwe kwa mwaka na kiasi gani kibaki. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, ikiwa misitu ya asili ya kwanza ya vijiji katika Afrika kukipata. Mnunuzi akija anakutana na kamati yenye daftari. Na mapato ya msitu wa hifadhi wa kijiji ni ya kijiji.

Tofauti ya Kilwa na Busunzu ni ndogo ukiitazama: daftari liko kwa nani. Hesabu ikiondoka na mgeni, inaweza kukuhamisha. Ikibaki kwenye kabati la ofisi ya kijiji, na kila mtu anajua iko pale, inakulinda, kwa sababu siku mtu akija na maneno ya "pori tupu lisilo na mwenyewe", unamfungulia ukurasa. Na usidhani ni jambo la vijiji viwili vitatu. Sensa ilionesha kwamba karibu nusu ya misitu ya Tanzania Bara iko kwenye ardhi ya vijiji. Mwenye nyumba ni mwanakijiji, lakini hajui ana vyumba vingapi.

Nilipomweleza mjomba habari za Kilwa hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza swali moja: "Hao wa Kilwa, na vijana walikuwemo kwenye kupima?" Nikamwambia ndiyo. Akamtazama mwanawe. "Hapo sawa."

KABLA SIJAONDOKA

Siku ya nne yule mfanyabiashara alirudi. Binamu alimkuta pale senta, mimi nikiwa pembeni nakunywa soda. Alimwambia maneno mawili tu: aje na kibali, apitie serikali ya kijiji, na mti utapimwa kwanza. Jamaa akacheka, akasema vijana wa siku hizi wana longolongo, akawasha pikipiki yake. Sijui alikwenda wapi. Huenda kijiji cha pili kuna kijana mwingine anayetaka kuoa, na hana futi kamba.

Mahari ya binamu bado haijatimia, nisikudanganye. Msitu haukumpa hela wiki ile. Alichofanya ni kumwomba baba yake mizinga mitano, akaanza kuipeleka porini. Hii ni ya mbao, siyo ile ya magome, maana ukibandua gome la mti mzima kuzunguka shina, mti unakufa, na nyuki wako wamekosa maua. Kama asali itamwozesha, tutajua msimu ukifika. Daftari la maduara mawili amebaki nalo yeye, kaongeza la tatu peke yake, kanitumia picha kwa simu: miti mitano, visiki saba. Anasema mwenyekiti wa kijiji ameomba kuliona.

Kwa hiyo dada yangu wa kwenye basi, ulipo nakujibu. Miti haipigi kura. Ndiyo maana inahitaji mtu wa kuitaja kwa jina kwenye mkutano wa kijiji, pale ardhi inapogawanywa, kabla hajasimama mwenye msumeno.

Na wewe msomaji mwenye kwenu, iwe Busunzu, Urambo, Handeni au Songea, likizo ijayo usiishie kupiga picha na mbuzi. Mshike mzee mmoja mkono, muingie porini, akutajie miti kumi. Iandike, jina la kilugha, kazi yake, ulipo. Nakala moja wewe, nakala moja ofisi ya kijiji. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Na ukipita Busunzu, asali ipo, nyeusi kiasi, ina harufu ya moshi na maua. Usiombe kupunguziwa. Lipa bei aliyotaja mwenyewe, na uulize imetoka kwenye mti gani.